Naenda mbugani kisha mlimani bila laptopu: picha nizihifadhije?

Chalii_wa_Njiro (#1)

Wakuu, habari za jioni.

Nimepata kazi ya kupiga picha kwa kampuni moja ndogo ya utalii hapa Arusha. Wiki nzima mbugani (Tarangire, Ngorongoro, Serengeti), tunarudi mjini kulala usiku mmoja, halafu kundi lilelile linapanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Wanataka picha za tovuti yao na za kuwapa wageni.

Mimi kazi zangu ni harusi na vipaimara. Nikitoka ukumbini narudi nyumbani, nachomeka kadi kwenye laptopu, nanakili, nalala. Safari hii laptopu sitaki kuibeba. Ni ya inchi 15, betri imechoka, vumbi la kule mnalijua, na mlimani sioni hata nitaiweka wapi.

Nilichonacho: Canon ya megapikseli 24 yenye tundu moja la kadi, napiga RAW (faili ghafi la kamera, kubwa) na JPEG kwa pamoja. Kadi mbili za GB 64. Simu ya Samsung ya A, tundu la taipu C. Pawabenki moja. Hela kidogo ipo ila siyo ya kununua tableti.

Nifanyeje picha zisipotee njiani? Naomba majibu ya waliowahi kufanya, siyo ya "nadhani".

Mtu_wa_Kaloleni (#2)

Beba laptopu mzee. Kazi ya kulipwa unaifanyia ubahili? Funga kwenye nailoni, ingiza katikati ya nguo, kwisha habari.

Lemosho_Mpaka_Uhuru (#3)

Kaka wa Kaloleni, ule mlima umewahi kuupanda au unauona tu ukiwa kwenye basi la Moshi?

Mpagazi mzigo wake mwisho kilo 20, na getini unapimwa. Laptopu ya inchi 15 na chaja yake ni zaidi ya kilo mbili za kitu ambacho hakiliki wala hakivaliki. Ataichaji wapi kambini Barranco? Machame ni mahema mwanzo mwisho. Marangu angalau kuna vibanda na sola, na huko nako usitegemee kuchaji laptopu.

Mbugani ni afadhali, Land Cruiser nyingi zina inverta, unachaji mkiwa mnatembea. Lakini hapo kwenye barabara ya mawimbi kutoka Naabi kwenda Seronera hata skrubu za viti zinalegea.

Nikuambie niliyoyaona kazini. Tulikuwa na mgeni, mpiga picha mzuri kabisa, kadi zake zote alizokwisha kujaza alikuwa anaziweka kwenye kifuko kidogo pamoja na biskuti. Tumesimama kula Manyara, nyani akakichukua kile kifuko, akapanda nacho mtini. Biskuti zililiwa palepale. Kifuko tulikiokota, kadi hatukuziona. Kamera ilibaki nzima shingoni kwake, haina kitu. Kwa hiyo kabla hujauliza ununue kifaa gani, uliza kwanza: kikipotea kifuko kimoja, nabaki na nini?

Bwana_Bando (#4)

Mnahangaika na nini karne hii? Google Photos, washa bakapu, picha zinapanda zenyewe mtandaoni. Kamera za siku hizi zina waifai, hata waya huhitaji. Nipo Dar, tangu ninunue simu hii sijawahi kuwaza habari za kadi.

Fundi_DoubleRoad (#5)

Bando, hapo kwenye "zinapanda zenyewe" ndipo penye kazi. Tupige hesabu.

Megapikseli 24, RAW moja ni MB 25 hadi 30. Ongeza JPEG yake, weka MB 35 kwa kila mbofyo. Siku ya Serengeti mtu akikuta duma na watoto anapiga mia nane bila kujijua. Hiyo ni GB 28 kwa siku moja. GB 15 za bure za Google, ambazo unagawana na barua pepe zako na Drive, zinaisha siku ya kwanza kabla ya chakula cha mchana. Ule ukarimu wa kuweka picha bila kikomo uliisha tarehe 1 Juni 2021.

Sawa, tuseme umelipia nafasi. Bado kuna kasi. Watu wanaangalia kasi ya kushusha, lakini hapa unapandisha. Mtandao ukikupa megabiti 5 kwa sekunde za kupandisha, na usikatike hata mara moja, kadi moja ya GB 64 inachukua zaidi ya saa 28. Huko Ndutu unaweza kupata vijiti viwili vya mtandao ukisimama juu ya boneti. Na hilo bando ni nani analinunua?

Waifai ya kamera nayo ina yake. SnapBridge ya Nikon ikituma yenyewe inaleta picha iliyopunguzwa ya megapikseli 2. Inafaa kwa Instagramu, haifai kwa mteja. Ya Canon, Camera Connect, unaweza kuchagua picha na kuivuta kwenye simu, mimi naipenda kwa picha tano sita. Mia nane kila usiku, betri ya kamera itakufa kabla hujamaliza tembo.

Mtandao ni mzuri, simkatazi mtu. Ila uwe wa zile picha 20 bora za siku, JPEG, ukikuta waifai ya hoteli Karatu. Mzigo mzima uhifadhiwe kwenye vitu unavyovishika mkononi.

Bwana_Bando (#6)

Mimi nilifikiri anaongelea picha za simu. Hapo nimekuelewa fundi. Lakini si TTCL walipeleka intaneti mlimani?

Lemosho_Mpaka_Uhuru (#7)

Walipeleka, 2022, walianza na Horombo, mita 3,720. Lakini Horombo ipo njia ya Marangu, kijana anapita Machame. Na hata ukiipata, ni ya kumtumia mama picha umesimama kwenye kibao. Huwezi kupandisha GB 28 simu ikiwa inazima kwa baridi.

Kadi_Orijino_Arusha (#8)

Memori kadi orijino GB 512 bei ya kutupa, hadi diski SSD terabaiti 16 ipo, ukubwa wa kiberiti. Njoo piem.

Fundi_DoubleRoad (#9)

Wasomaji, hiyo #8 iacheni ipite. SSD ya terabaiti 16 yenye ukubwa wa kiberiti kwa bei ya kutupa haipo duniani. Nimezifungua nyingi zimeletwa mezani kwangu: ndani mna kadi ndogo ya GB 32 au 64 iliyogandishwa na gundi, imeandikwa uongo ili simu ione namba kubwa. Ubaya wake haikatai kupokea. Unanakili, inasema tayari, majina ya mafaili yanaonekana, ila ukifungua picha ni kijivu nusu au haifunguki kabisa. Unagundua umerudi nyumbani.

Kupima kadi bila kompyuta: ifomati, ijaze video mpaka iseme imejaa, halafu fungua video zote, za mwanzo mpaka za mwisho mwisho. Zikicheza zote, kadi ni ya kweli. Kwa kuwa mwenye uzi laptopu anayo nyumbani, atumie H2testw, ni ya bure. Inajaza kifaa chote kisha inasoma kila ilichoandika. Kwa SSD ya terabaiti moja iache usiku kucha.

Chalii_wa_Njiro (#10)

Asanteni sana. Fundi, sasa nipe mpango wenyewe. Ninunue nini, nichomeke nini wapi?

Fundi_DoubleRoad (#11)

Haya, chukua chai.

Kitu cha kwanza siyo SSD. Ni kadi. Nunua kadi za kutosha safari nzima ili usifute hata moja njiani. Watu wengi wanafikiri bakapu ni kunakili halafu kufuta kadi ili itumike tena. Hapo hujaongeza nakala, umehamisha tu picha kutoka kifaa kimoja kwenda kingine. Ukinakili na kadi ikabaki kama ilivyo, sasa una mbili. Kwa hesabu ya GB 28 kwa siku nzito, na siku nyingine nyepesi, wiki ya mbugani kadi zako mbili hazitoshi. Ongeza nne za GB 64 ukiweza. Usinunue moja ya 512. Ikifa au ikipotea inaondoka na safari yote. Na kama bajeti inabana, acha JPEG, piga RAW peke yake, umeokoa karibu robo ya nafasi.

Cha pili ni SSD ya nje (diski ya chipu tupu), GB 500 inatosha, terabaiti moja ni raha zaidi. Kampuni zinazojulikana: Samsung T7, SanDisk, Crucial, Kingston. Usichukue hadi diski ya kuzunguka hata ukipewa bure. Mtikisiko ni sababu moja. Sababu ya pili wapanda mlima wengi hawaijui: kichwa cha kusomea cha hadi diski hakigusi sahani, kinaelea juu yake kwa mto mwembamba sana wa hewa. Ndiyo maana watengenezaji huandika kwamba mwisho wa kuitumia ni kama mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari. Juu ya hapo hewa ni nyepesi, kichwa kinashuka, kinaweza kukwaruza sahani. Barafu Camp ni zaidi ya mita 4,600. SSD haina kinachozunguka, urefu wa mlima hauihusu.

Cha tatu ni habu ya taipu C. Usinunue waya wa OTG (wa kuunganisha flashi na simu) wa kawaida peke yake, maana una tundu moja. Tafuta habu yenye tundu la kadi ya SD, tundu moja au mawili ya USB, na (hili muhimu) tundu la kuingizia chaja. Simu inashika habu, kadi inaingia ubavuni, SSD upande wa pili, pawabenki inalisha umeme. Hapo unafungua programu ya Mafaili ya simu, unaiona kadi na SSD kama folda mbili, unanakili kutoka huku kwenda kule. Picha hazikai kwenye simu, zinapita tu. Kwa hiyo hata simu ikiwa imejaa video za kwaya haijalishi.

Mambo ya kuangalia:

Simu nyingi za A ni USB 2, na kadi na SSD zinagawana njia ileile. Tegemea kama MB 15 kwa sekunde. GB 28 ni nusu saa na kitu. Anza kabla ya chakula cha jioni, ukirudi imeisha.

Zima kile kiokoa betri na uwashe kioo kisizime. Hizi simu zetu, na TECNO na Infinix ndiyo zaidi, kioo kikizima zinaua kazi ya nyuma bila kukuambia. Unakuta mafaili 311 kati ya 800 na hakuna ujumbe wowote wa kosa.

Mfumo wa SSD wa kupanga mafaili (fomati) uwe exFAT. Ikija na NTFS, Android nyingi zitasema "haitambuliki" au zitasoma bila kuandika. FAT32 nayo haipokei faili linalozidi GB 4, video ndefu itagoma. Kadi za GB 64 kwenda juu kamera inazifomati exFAT yenyewe. Kama una simu ya zamani isiyosoma exFAT, kadi haitaonekana kabisa, na usije ukabonyeza "fomati" simu ikikuuliza! Nimeona watu wanabonyeza.

Kabla ya kuchomoa, toa kwa kitufe cha kutolea. exFAT haina daftari la kumbukumbu la kurekebisha kazi iliyokatika, ukichomoa katikati ya kuandika unaweza kuharibu orodha nzima ya folda, siyo faili moja tu.

Kuhakiki: folda moja kwa kila kadi kwa kila siku, linganisha idadi ya mafaili na ukubwa pande zote mbili, halafu fungua picha chache za mwanzo, kati na mwisho. Usihakiki kwa vijipicha vidogo, vinaweza kuonekana vizuri huku faili lenyewe limekatika.

Mtu_wa_Kaloleni (#12)

Fundi umeandika kitabu, ila nimesoma chote. Mie mtu wa iPhone, nafanya hivyohivyo?

Fundi_DoubleRoad (#13)

Kuanzia 15 ndiyo, ina taipu C na programu ya Files inanakili vizuri. 15 ya kawaida kasi yake ni USB 2, Pro ndiyo ina kasi. Na zinabagua SSD zinazokula umeme mwingi, ndiyo maana habu yenye chaja ni muhimu. Za zamani zenye tundu la Lightning utahitaji adapta ya kamera yenye tundu la chaja. Inawezekana, ila ni waya juu ya waya.

DadaPasua (#14)

Samahani naingilia uzi wa watu. Mimi sina kamera, simu tu. Tunapeleka wanafunzi Ngorongoro na simu imejaa. Mmoja kaniambia nikishaweka bakapu Google Photos nifute kwenye simu. Mwingine kasema nikifuta kwenye simu na kule zinafutika. Yupi mkweli?

Fundi_DoubleRoad (#15)

Dada, wote wakweli, inategemea unafutia wapi. Ukifungua Google Photos yenyewe ukachagua picha ukaweka kwenye pipa, inaondoka kote, kwenye simu na mtandaoni. Ipo njia salama: ndani ya hiyo programu kuna kitufe cha kuongeza nafasi kwenye simu, hicho kinafuta zile tu ambazo tayari zimeshapanda, na hakigusi za mtandaoni. Na kabla ya kufuta chochote, fungua Google Photos kwenye simu ya mumeo au ya rafiki kwa akaunti yako, uone kama picha zipo. Ukikosea, pipa linatunza zilizokuwa na bakapu siku 60.

Na ukitaka walimu wenzako wakutunzie picha kwa WhatsApp, usitume kama picha. Tuma kama dokumenti, inafika ilivyo bila kubanwa.

Kwa safari ya siku moja na watoto, flashi ndogo yenye midomo miwili (USB ya kawaida na taipu C) inakutosha kabisa. Unaichomeka kwenye simu mkiwa garini mnarudi, mkifika Karatu imeshaisha.

DadaPasua (#16)

Ubarikiwe kaka. Nilikuwa nishaanza kufuta.

MzeeWaKibosho (#17)

Vijana, nawasoma tangu jana. Enzi zetu roli moja ilikuwa picha 36, ukipanda na roli tano wewe ni tajiri. Hakukuwa na kunakili. Tulichokuwa tunafanya: roli ikijaa haiendelei na safari. Anayeshuka anaishusha.

Sasa huyu kijana kasema jambo kwenye #1 na nyote mmelipita. Anatoka mbugani, analala Arusha usiku mmoja, ndipo anapanda mlima. Huo usiku mmoja mbona hamuuoni? Kwake ni Njiro, laptopu ipo mezani. Kwa nini apande Kilimanjaro na simba wa Serengeti mfukoni?

Fundi_DoubleRoad (#18)

Shikamoo mzee. Hapo umetushika.

Wapiga picha wana kanuni wanaiita 3-2-1: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe mahali pengine. Watu wanapata shida na hiyo "mahali pengine" wakiwa safarini, wanakimbilia mtandao. Mwenye uzi mahali pengine anapo, tena anapita mlangoni pake. Kwa hiyo: usiku ule SSD ichomekwe kwenye laptopu, mzigo wa mbugani wote unakiliwe. Kadi za mbugani zibaki nyumbani, droo imefungwa. Unapanda na kadi nyingine na SSD ileile. Mlima ukimeza kila kitu, wiki ya mbugani ipo Njiro mara mbili.

Na kwa wanaosafiri bila kupita kwao: tumeni kwa basi. Flashi au kadi kwenye bahasha, ofisi ya vifurushi pale stendi, ndugu anapokea Dar au Dodoma kesho yake. GB 128 kwa nauli ya bahasha. Hakuna bando linaloshindana na hilo.

MzeeWaKibosho (#19)

Marahaba.

Chalii_wa_Njiro (#20)

Shikamoo mzee wangu, kweli sikuuona kabisa huo usiku. Naandika yote haya.

Swali: nikikwama, siwezi kwenda steshenari yoyote Karatu au Mto wa Mbu wakaninakilia kwenye flashi?

Mtu_wa_Kaloleni (#21)

Utarudi na virusi vya kutosha harusi tatu. Kompyuta za steshenari zinapokea flashi za kijiji kizima.

Fundi_DoubleRoad (#22)

Kaloleni leo umesema kweli. Ikibidi, kadi ya SD ina kile kiswichi kidogo ubavuni, kishushe kwenye alama ya kufunga kabla hujampa mtu. Kompyuta nyingi zitasoma bila kuandika. Flashi ndiyo haina kinga, hiyo ukirudi usiichomeke kwenye laptopu yako hovyo.

Na ikitokea umefuta au kadi imegoma: itoe kwenye kamera saa hiyohiyo, usipige hata picha moja zaidi, weka pembeni mpaka urudi. Picha iliyofutwa bado ipo mpaka nyingine iandikwe juu yake. PhotoRec inazitoa nyingi, ni bure. Anayekuomba hela kabla hajakuonyesha picha hata moja, mkimbie.

Lemosho_Mpaka_Uhuru (#23)

Upande wa mlima, maana fundi ni mtu wa mezani.

Baridi. Betri zote za lithiamu zinanywea kwenye baridi. Apple wenyewe wameandika simu yao itumike kati ya nyuzi 0 na 35. SSD nyingi nazo zimeandikwa kuanzia 0. Kambini Barafu usiku uko chini ya hapo. Kwa hiyo kunakili usikuache mpaka usiku wa manane. Mkifika kambini alasiri, kabla jua halijazama, fanya hiyo kazi ndani ya hema, vyote viwe ndani ya begi la kulalia pamoja na wewe. Betri za kamera, simu na pawabenki zinalala humohumo miguuni.

Usiku wa kileleni usinakili chochote. Weka kadi mpya kabisa kwenye kamera jioni ile Barafu, hata kama ya zamani ina nafasi. Vidole vikishakufa ganzi Stella Point hutaki kubadilisha kadi, ni kipande kidogo sana, kikianguka kwenye kokoto za kule hukioni. Kadi ya kileleni ibaki ndani ya kamera mpaka Mweka.

Halafu ukiingia na kamera ya baridi kwenye hema lenye joto la watu, usiifungue tundu la kadi hapohapo. Inatoa jasho. Iache kwenye mfuko wake ipoe taratibu, yaani ipate joto taratibu, mmenielewa.

Pawabenki moja haitoshi. Chukua mbili za mAh 20,000, au umwombe kiongozi wa msafara, baadhi wanabeba paneli ndogo ya sola. Usitegemee sola Machame, siku mbili za mwanzo unaweza kuwa ndani ya ukungu tu.

Bwana_Bando (#24)

Kuna vile vifaa vyenye betri na tundu la kadi ndani kwa ndani, unachomeka kadi inanakili yenyewe bila simu. WD walikuwa na My Passport Wireless Pro. Hiyo si ingemfaa?

Fundi_DoubleRoad (#25)

Ile ilikuwa kifaa kizuri kwa mbugani. Ila ndani ni hadi diski ya kuzunguka, tumesharudi kwenye mita 3,000. Zile zenye SSD bei yake unanunua habu, SSD na kadi nne na chenji inabaki. Hasara yake nyingine, ikigoma huna fundi. Habu ikifa utapata nyingine Mnara wa Saa.

Chalii_wa_Njiro (#26)

Mrejesho wakuu. Nimenunua SSD ya terabaiti moja, habu, na kadi nne. Zote nimezipitisha H2testw, kadi moja ilifeli, nimeirudisha dukani, wamebadilisha kwa shingo upande.

Nimefanya jaribio sebuleni. Nikichomeka kadi peke yake inaonekana, nikiongeza SSD vyote vinapotea. Nikafikiri habu mbovu. Nilipoingiza pawabenki kwenye lile tundu la chaja, vyote vikatulia. Kumbe simu ilikuwa haitoi umeme wa kutosha kwa viwili. Picha 600 za kipaimara zimeingia kwa dakika 25, idadi imelingana.

Mpango wangu: kila kadi ina namba kwa kalamu ya alama. Iliyojaa naifunga kiswichi, inaingia kwenye kasha ikiwa imegeuzwa uso chini. Kila jioni SSD. Waifai ikipatikana, natuma picha chache kwa bosi. Usiku wa Arusha nanakili kwenye laptopu na kadi za mbugani zinabaki nyumbani.

Swali la mwisho: hizi kadi nizifute lini?

Fundi_DoubleRoad (#27)

Siku mteja amepokea picha zake, amezifungua, amekulipa. Hata hapo subiri uwe na kazi nyingine inayozihitaji. Na uzifomatie ndani ya kamera, siyo kwenye simu.

Lemosho_Mpaka_Uhuru (#28)

Jambo moja umeliacha, chalii wangu. Mlimani begi lako kubwa linabebwa na mpagazi, naye anatangulia, mnaonana kambini jioni. Kibegi cha mgongoni unabeba mwenyewe. SSD na kadi visikae begi moja hata dakika tano. SSD ipande na mpagazi, katikati ya sweta, ndani ya nailoni mbili. Kadi zibaki kwako, mwilini, mfuko wa ndani wa koti wenye zipu. Siyo mfuko wa juu wa kibegi, huko ndiko maji ya kunywa yanakomwagikia.

Chalii_wa_Njiro (#29)

Imeandikwa. Tunatoka Jumatatu alfajiri, nitaweka picha mbili tatu hapa nikipata mtandao Karatu. JPEG.